Je, mtu wa Goma aambiwe atulie?

Kila APS wanapokusanya watu katika kartie, yaani mitaa, za Goma mashariki mwa Kongo, kuna maneno ambayo lazima yasikike: "Wanatufunza kupumua, na sisi tunatafuta amani." APS ni maajenti wa msaada wa kisaikolojia, wengi wao vijana na akina mama wa mtaani humu humu, ambao mashirika yamewafundisha namna ya kukaa na watu waliopitia vita. Wanawaketisha watu, wanawaomba waweke miguu chini, wafuate pumzi zao, wataje wanachokiona na wanachokisikia. Pengine wanatembea nao polepole hadi ziwani. Wanawaeleza kiwewe, lile jeraha la akili linalobaki baada ya jambo la kutisha, ni nini na kinafanya nini mwilini. Tangu waasi wa M23 wachukue mji mwishoni mwa Januari 2025, maneno yale yamekuwa makali zaidi, na wanaoyasema si watu wa kupuuzwa.

Hoja yao ina mizizi. Matibabu mengi ya kiwewe yalitungwa kwa ajili ya mtu ambaye hatari yake imepita: askari aliyerudi nyumbani, mtu aliyenusurika ajalini. Mwili wa huyo unaogopa kitu ambacho hakipo tena. Mtu wa Goma je? Mji ulichukuliwa mwaka 2012, ukachukuliwa tena 2025. Volkano ya Nyiragongo ililipuka 1977, 2002 na 2021, na mwaka huo wa 2021, siku chache baada ya mlipuko, mamia ya maelfu ya watu waliamriwa kuondoka asubuhi kwa hofu kwamba moto ungeibuka hata chini ya ziwa. Kambi za waliokimbia vita zilizouzunguka mji zilivunjwa Februari 2025, waliokaa humo wakarudi katika vijiji ambako nyumba zilishachomwa na mashamba yana mtu mwingine. Benki zilifunga milango. Mwili unaoshtuka usiku ukisikia mlio haujakosea kitu. Kumwambia mtu kama huyo atulie, wanasema, ni kumzimia king'ora wakati mwizi yuko bado uani. Wapo wanaokwenda mbali zaidi: aliyetulia hapigi kelele, na asiyepiga kelele hadai haki, kwa hiyo utulivu huu unamfaa nani?

Upande wa mazingira ya asili hoja hiyo inapata nguvu zaidi, na hapa nakiri kwamba wakosoaji wameona jambo ambalo waandishi wengi wa miradi hawakuliona. Ni kweli kwamba miti na maji vinasaidia akili. Mwaka 1984 Roger Ulrich alitoa utafiti kuhusu wagonjwa 46 waliopasuliwa kifuko cha nyongo katika hospitali ya Pennsylvania: waliolazwa mbele ya dirisha lenye miti walitoka mapema, na waliomba dawa kali za maumivu mara chache kuliko waliotazama ukuta wa matofali. Mwaka 2019 uchunguzi wa watu karibu 20,000 wa Uingereza ulionyesha kwamba wanaokaa nje kwenye mazingira ya asili walau dakika 120 kwa wiki husema zaidi kuwa wana afya nzuri na maisha yanayowaridhisha. Lakini msitu wa Uingereza hauna mtu mwenye bunduki. Aprili 2023, katika kambi za Goma, Madaktari Wasio na Mipaka walipokea zaidi ya wahanga 670 wa ukatili wa kingono ndani ya wiki mbili, na wengi walikuwa wameshambuliwa walipotoka kwenda kutafuta kuni na chakula. Mwanamke huyo utampeleka kwenye miti akapumzike?

Ziwa nalo vilevile. Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku, watu waliokuwa ufukweni wakiona kwa macho yao. Kuna familia ambazo tangu siku hiyo hazitaki kusikia habari ya matembezi ya ufukweni. Na ukifuata njia ya Sake kuna mazuku, yale mabonde madogo ambako gesi ya kaboni hutuama chini usiku kucha. Mbuzi akiingia hatoki, na watu wamekufa humo. Anayewaambia watu waketi chini wavute pumzi ndefu lazima kwanza ajue amewaketisha wapi.

Hoja ya baadhi ya wachungaji, kwamba kunyamaza na kufuata pumzi ni kufungulia pepo mlango, sitakaa nayo sana. Mazoezi haya hayana jina la mungu yeyote, na mwenye kutaka kuyafanya na Zaburi mdomoni hazuiwi na mtu. Wanakwaya wanaoshika noti ndefu kila Jumamosi tayari wanajua pumzi inavyotuliza kifua.

Tofauti yangu na wakosoaji inaanzia kwenye neno "kwanza". Kwanza amani, kwanza chakula, halafu akili. Mpangilio huo unaonekana wa busara, na watu wanausema kama jambo lisilohitaji ushahidi. Bali ushahidi upo, na ulitoka hapa hapa Kivu.

Mwaka 2013 jarida la utabibu la New England, Marekani, lilichapisha utafiti uliofanywa katika vijiji vya mashariki mwa Kongo pamoja na wanawake waliofanyiwa ukatili wa kingono, wenye dalili nzito za kiwewe, huzuni na wasiwasi. Katika vijiji 7, wanawake 157 walipata tiba ya kikundi: kikao 1 cha mtu peke yake, kisha vikao 11 vya pamoja, wakijifunza kutambua mawazo kama "mimi ndiye mwenye kosa" na kuyapima upya. Katika vijiji 8, wanawake 248 walipata msaada wa mmoja mmoja, ule tunaoujua: kusikilizwa, kushauriwa, kusindikizwa. Wahudumu wenyewe hawakuwa madaktari. Walikuwa wasaidizi wa kawaida wenye elimu ya sekondari kiasi, waliofundishwa na kusimamiwa. Wanawake wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo yaliyokuwa yaandikwe kwenye karatasi yaligeuzwa yakawa ya kushikwa kwa kichwa. Miezi 6 baada ya tiba kwisha, waliobaki na dalili za huzuni au wasiwasi wa kiwango cha ugonjwa walikuwa asilimia 9 katika vijiji vya tiba ya kikundi, na asilimia 42 katika vijiji vingine. Kwa dalili za kiwewe matokeo yalifanana na hayo.

Naomba msomaji asipite haraka hapo. Chukua wanawake 100 wa hali hiyo katika kila upande. Upande mmoja, nusu mwaka baadaye, 42 bado wanaamka na kifua kizito, bado hawawezi kushika jembe siku nzima, bado wanawafokea watoto halafu wanalia. Upande wa pili ni 9. Katikati kuna wanawake 33 walioweza kurudi shambani, sokoni, kwenye likelemba, kile kikundi cha kuchangiana fedha kwa zamu. Na vita haikuwa imekwisha. Watafiti wenyewe waliandika kwamba kazi ilifanyika wakati mapigano yakiendelea katika maeneo hayo. Hakuna aliyewarudishia mashamba yao kwanza, hakuna mkataba uliosainiwa kwanza. Walipona kwa sehemu kubwa katikati ya hatari ile ile ambayo tunaambiwa ndiyo inayofanya kupona kusiwezekane.

Najua nitakavyojibiwa. Walioonekana katika vipimo vyote vitatu ni asilimia 65 tu ya wanawake wa tiba ya kikundi, na asilimia 52 ya wale wa msaada wa mmoja mmoja. Waliokosekana walikuwa wapi? Katika vijiji vya Kivu mtu anakosekana kwa sababu amekimbia, amekufa, ameolewa mbali, au amekata tamaa na mradi. Huenda miongoni mwao wamo ambao tiba haikuwafaa kitu. Jambo hilo linanisumbua, na yeyote anayezitaja zile 9 na 42 bila kuzitaja 65 na 52 anawapunja wanawake wale. Hata hivyo pengo kati ya 9 na 42 ni kubwa mno kulifuta kwa shaka hiyo peke yake.

Jambo jingine lisichanganywe. Tiba ile haikuwa ya kupumua tu, ilikuwa kazi ya mawazo. Kwa mazoezi ya kutuliza akili yenyewe ushahidi wa karibu nasi unatoka Uganda, katika makazi ya wakimbizi wa Sudan Kusini. Huko wanawake 694 wa vijiji 14 walihusishwa katika jaribio la mpango wa Shirika la Afya Duniani, vikao 5 vya sauti iliyorekodiwa na kitabu cha picha, vyenye mazoezi ya kujishikiza kwenye wakati uliopo na kuacha mawazo machungu yapite bila kupigana nayo. Matokeo yalichapishwa 2020: miezi 3 baadaye waliopata vikao hivyo walikuwa na msongo mdogo kuliko wenzao. Makazi yale hayakuwa Goma ya Januari 2025, ni kweli. Ila wale nao walikuwa na njaa, walikuwa wamezika ndugu, na kesho yao haikujulikana.

Kisha kuna swali la wingi, ambalo wanaosema "kwanza amani" hawaligusi. Uchunguzi uliofanywa mwaka 2010 mashariki mwa Kongo uliona dalili za kiwewe kwa nusu ya watu wazima waliohojiwa. Nusu! Hakuna nchi yenye madaktari wa akili wa kutosha kwa idadi hiyo, sembuse sisi. Ama jirani aliyefundishwa afanye kazi hii, ama isifanywe.

Nimewahi kuketi katika kikao cha APS anayeijua kazi, kwenye nyumba ya mbao huko Ndosho. Mlango aliuacha wazi, akatangaza mapema kwamba anayetaka kutoka atoke bila kuomba ruhusa. Hakuna aliyeketishwa mgongo ukitazama mlango. Hakusema "fungeni macho". Alisema mtafute kitu kimoja cha kutazama, na mama mmoja akachagua bidoni, yaani dumu, ya njano iliyokuwa pembeni. Hakuagiza mtu azuie pumzi, kwa maana katika chumba kama kile kuna aliyewahi kukabwa koo, na kuzuia pumzi kungemrudisha pale pale. Aliomba tu pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia, kwani ndiyo inayopunguza mwendo wa moyo. Upepo ukapiga bati la jirani, watu wanne wakaruka. Akangoja. Akauliza: "Ile ilikuwa nini?" Wakajibu wenyewe: bati. Kisha akauliza risasi inasikikaje, nao wakaeleza tofauti kinaganaga, kwa ujuzi ambao hakuna mtu angetamani kuwa nao.

Jibu langu kwa wanaosema utulivu unazima king'ora ndilo lile. King'ora kinacholia kwa bati na kwa risasi sawasawa hakimwokoi mtu. Kinamchosha, na siku risasi zikija kweli atakuwa hajalala wiki nzima, miguu haimtii, hajui ashike mtoto yupi. Mwanamke anayesema "usingizi ilikimbia, roho inaruka" hahitaji kuambiwa Goma ni salama. Anajua si salama. Anahitaji saa tatu za usingizi leo, na mkono usiompiga mtoto kesho.

Kuhusu haki, mfano uko Bukavu. Daktari Denis Mukwege, aliyeanzisha hospitali ya Panzi mwaka 1999 na kupata Tuzo ya Nobel ya Amani 2018, hakuwahi kuwaambia wanawake wachague kati ya kutibiwa roho na kwenda mahakamani. Panzi inaunganisha matibabu ya mwili, ya akili, msaada wa sheria na wa kujitegemea, na mwenyewe miaka nenda rudi anadai waliotenda makosa yaliyoelezwa katika ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2010, yenye matukio 617 ya kati ya 1993 na 2003, wapelekwe mbele ya sheria. Februari 2011, mahakama ya kijeshi iliyosafiri hadi Baraka, Fizi, ilimhukumu luteni kanali mmoja kifungo cha miaka 20 kwa ushuhuda wa wanawake waliosimama na kusema. Kusimama mbele ya mtu aliyekutendea, na kueleza kwa mpangilio nini kilitangulia na nini kilifuata, ni kazi ambayo kiwewe kisichotibiwa huivuruga kabisa: kumbukumbu zinakuja vipande vipande, wakili wa upande wa pili anazichana. Sioni namna ambavyo kumtibu shahidi kunamnyamazisha.

Ninapoungana na wakosoaji bila kusita ni kwenye namna miradi inavyoendeshwa. Kukusanya watu siku moja, kuwafanya wasimulie kila kitu, kisha kuondoka, kunaweza kuumiza. Shirika la Afya Duniani lilishauri tangu 2013 kwamba kikao cha namna hiyo kisitumike kuzuia kiwewe. Na baada ya Marekani kukata misaada yake mwaka 2025, APS wengi waliachwa bila msimamizi, na wengine wakiendelea kupokea watu nyumbani kwao kwa sababu watu hawakuacha kuja. Kabla ya kuukubali mradi mwingine, kamati za kartie zina haki ya kuuliza mambo machache: vikao ni vingapi, nani anamsimamia APS na kila baada ya muda gani, nani alipita mtaani kuuliza watu wenyewe ni mahali gani wanaona pana usalama wa kuketi, na mtu akionekana amezidiwa, nani atalipa usafiri wa kumfikisha kwenye hospitali ya akili, Tulizo Letu hapa Goma, au Sosame kule Bukavu. Mradi usio na majibu hayo urudishwe ukajipange. Ulio nayo usingoje amani.