Fimbo ya ushuru na Wahungaria wa Romania

Mwaka 1975 Marekani iliipa Romania, iliyotawaliwa na mkomunisti Nicolae Ceaușescu, hadhi ya taifa linalopendelewa zaidi kibiashara. Forodhani, maana yake ilikuwa kulipa ushuru wa kawaida badala ya viwango vizito vya sheria ya mwaka 1930. Sharti lake, lililojulikana kama Jackson-Vanik, lilikuwa katika kifungu cha 402 cha Sheria ya Biashara ya 1974: nchi ya kikomunisti isiwazuie raia wake kuhama. Rais wa Marekani aliweza kulilegeza kwa mwaka mmoja mmoja tu, kwa hiyo kila kiangazi suala lilirudi kwenye Bunge la Marekani. Anayefuatilia AGOA, mpango wa Marekani wa kuingiza bidhaa za Afrika bila ushuru, ulioiondoa Uganda Januari 2024, ataitambua mashine hii.

Wahungaria wa Romania walikuwa takriban milioni 1.7 kwa sensa ya 1977, wengi wao katika eneo la Transilvania. Kubanwa kwao kulipita kwenye makaratasi. Amri ya 1973 ilitaka wanafunzi 25 ndipo darasa la Kihungaria lifunguliwe shule ya msingi, na 36 sekondari. Kijiji chenye watoto 24 kilikosa darasa, ilhali watoto wa Kiromania wa hapo hapo walipewa lao hata wangekuwa wachache kiasi gani. Mwaka 1974 ikaja amri nyingine: mgeni kutoka nje asilale nyumbani kwa mtu, isipokuwa awe ndugu wa karibu kabisa. Binamu kutoka Budapest, mji mkuu wa Hungaria, akatafute hoteli.

Kifungu cha 402 hakikugusa lolote kati ya hayo. Kilipima kuhama. Wayahudi wakipewa ruhusa ya kwenda Israeli, na Wajerumani wakiondoka kwa malipo yaliyotolewa na serikali ya Ujerumani Magharibi, Bucharest, yaani serikali ya Romania, ilikuwa imefaulu mtihani. Mhungaria aliyetaka mwanawe asome fizikia kwa Kihungaria pale pale Cluj, mji wa Transilvania, hakuwa na safu kwenye jedwali hilo.

Hata hivyo, fimbo haikuwa bure. Mwishoni mwa 1982 Romania iliamuru wanaohama walipe gharama za elimu yao kwa fedha za kigeni. Machi 1983 Rais Reagan wa Marekani akatangaza kwamba ataondoa hadhi, na ndani ya miezi michache Bucharest ikarudi nyuma. Lakini hapo dai lilikuwa moja, na la kutekelezwa siku moja. Kuminya shule hakuna siku yake. Darasa moja hufungwa mwaka huu, jingine mwakani.

Faida ya pili ilikuwa vikao vyenyewe. Wahungaria wa Marekani, waliounda kamati yao New York mwaka 1976, walipata jukwaa kila mwaka. Katikati ya miaka ya 1980 wakosoaji wa Romania walionyesha Washington karatasi za chooni zilizosomeka bado herufi za Biblia za Kihungaria, zilizokuwa zimepelekwa huko kama msaada. Takwimu za visa zisingeweza kusema hivyo.

Waliotaka hadhi iendelee walionya kwamba ikiondoka, ushawishi wote utaondoka nayo. Mwaka 1987 mabaraza yote mawili ya Bunge yalipiga kura isimamishwe kwa miezi sita. Februari 1988 Ceaușescu, ambaye tayari alikuwa akiwanyima raia chakula na umeme ili alipe deni la nje, akaikataa mwenyewe. Machi akatangaza mpango wa kufuta maelfu ya vijiji, vya Waromania pia. Ni kweli basi kwamba hakuna aliyebaki na cha kumtishia. Lakini hoja hiyo haijibu miaka 13 ambayo hadhi ilikuwepo na madarasa yakaendelea kufungwa. Kwa maoni yetu kosa lilikuwa kwenye maandishi: idadi 25 na amri ya wageni ni mambo yanayohesabika, yangeweza kuandikwa kuwa masharti, kila moja na tarehe yake.

Desemba 1989 utawala wa Ceaușescu ulianza kuanguka katika mji wa Timișoara, waumini walipomzunguka mchungaji wao Mhungaria, László Tőkés, asihamishwe kwa nguvu. Romania ilirudishiwa hadhi mwaka 1993, na kifungu cha 402 kilikuwa bado kinauliza ni nani ameruhusiwa kuondoka.