Richard Leakey: jembe, kamera na fuvu namba 1470

Richard Leakey, Mkenya mtafiti wa mabaki ya binadamu wa kale aliyefariki Januari 2022 akiwa na umri wa miaka 77, hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Hata hivyo aliongoza makumbusho ya taifa ya Kenya kwa takriban miaka 20, jarida la Time likamweka kwenye jalada lake mwaka 1977, na mwaka 1981 BBC ikamkabidhi kipindi cha televisheni kuhusu asili ya binadamu. Wapo waliohofu kwamba mtafiti akizoea kamera ataanza kukimbilia vichwa vya habari, na ushahidi ubaki nyuma. Hofu hiyo si ya wivu mtupu. Fuvu namba 1470 linaipa nguvu.

Fuvu hilo lilipatikana mwaka 1972 Koobi Fora, mashariki mwa Ziwa Turkana. Aliyeona vipande vya kwanza ni Bernard Ngeneo, mmoja wa kikosi cha Leakey. Meave Leakey, mke wa Richard, na wenzake wakaviunganisha kwa subira kubwa. Richard akautangazia ulimwengu kuwa lina zaidi ya miaka milioni 2.6, umri uliolifanya fuvu kongwe kuliko yote ya jenasi yetu, Homo. Kipimo kilitokana na tabaka la majivu ya volkano lililolala juu ya udongo wenye fuvu.

Waliolivuruga dai hilo ni nguruwe. Visukuku, yaani mifupa ya kale iliyogeuka mawe, vya nguruwe wa Koobi Fora vilifanana na vya bonde la Omo, Ethiopia, ambavyo umri wake ulikuwa kama miaka milioni 2 tu. Maeneo haya mawili yako katika bonde moja la ziwa. Ilikuwa vigumu kuamini kwamba nguruwe walewale waliishi upande mmoja nusu milioni ya miaka kabla ya kuonekana upande wa pili. Ubishi uliendelea kwa miaka, majivu yakapimwa upya, na umri wa fuvu ukashuka hadi karibu miaka milioni 1.9. Kipimo kukosea ni jambo la kawaida katika sayansi. Kinachosikitisha ni kwamba tarakimu ya kwanza ilitangazwa kwa kishindo, na sahihisho likapita kimyakimya.

Lakini tuseme Leakey angekaa kimya. Nani angelipia magari, mafuta, maji na mishahara ya watu wanaotembea juani miezi mizima wakikagua changarawe? Umaarufu wake ndio uliofungua mifuko ya wafadhili, na fedha hizo ndizo zilizokifikisha kikosi cha msaka visukuku Kamoya Kimeu hadi Nariokotome, magharibi mwa ziwa, Agosti 1984. Hapo Kimeu aliona kipande kidogo cha mfupa wa paji la uso. Uchimbaji ukafichua kiunzi cha kijana wa Homo erectus, spishi ya binadamu wa kale, aliyeishi yapata miaka milioni 1.5 iliyopita, mojawapo ya viunzi kamili zaidi vya umri huo kuwahi kupatikana.

Kuna faida nyingine isiyohesabika kwa fedha. Mwaka 2006, baadhi ya viongozi wa makanisa ya kiinjili nchini Kenya walipopinga makumbusho ya Nairobi kukipa kiunzi hicho nafasi ya mbele, aliyejibu hadharani ni Leakey, mtu ambaye umma ulikuwa ukimfahamu tayari. Mtaalamu aliyejifungia maabara maisha yake yote asingesikilizwa siku hiyo.

Kwa hiyo nauunga mkono upande wa kamera, ila kwa sharti zito. Simulizi iliyojengwa juu ya uso mmoja iliwafunika wengine. Kimeu alikabidhiwa medali na Rais Reagan mwaka 1985, lakini shahada ya heshima ilimfikia mwaka 2021 tu, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Ngeneo hajulikani kabisa nje ya duru za wataalamu. Mtoto wa Turkana au wa Kitui akifundishwa kwamba macho ya Wakenya hawa ndiyo yaliyoona mifupa hiyo, ataiona kazi hii kuwa inayoweza kuwa yake.

Na sahihisho lifundishwe pamoja na ugunduzi. Popote fuvu namba 1470 linapooneshwa, maelezo yake yaandike jina la Ngeneo, kisha tarakimu zote mbili, 2.6 na 1.9, na kando yake liwekwe taya la nguruwe wa Omo.