Kiromania na jina la kupachikwa

Mwaka 1812 Waturuki walishindwa vita, wakalipa deni kwa mali ya mtu mwingine: waliikabidhi Urusi nusu ya mashariki ya Moldavia, nchi iliyokuwa ikiwalipa kodi tu. Eneo hilo likaitwa Bessarabia, na sehemu yake kubwa leo ni nchi ya Moldova. Hapo ndipo lilipoanza jambo ambalo mimi naliona baya kuliko marufuku yoyote Kiromania kilichowahi kupigwa: kupachikwa jina lisilo lake.

Maana kudharauliwa, Kiromania kilikuwa kimeshazoea. Huko Bucharest na Iași, miji mikuu ya tawala mbili za Waromania zilizokuwa chini ya Waturuki, kwa takriban karne nzima sultani alitawala kupitia familia za Kigiriki za Istanbul, na Kigiriki kikawa lugha ya wakubwa na ya shule za juu, hadi mwalimu Gheorghe Lazăr alipofungua darasa lake la Kiromania mwaka 1818. Transylvania, chini ya ukoo wa kifalme wa Habsburg wa Austria, wasomi Samuil Micu na Gheorghe Șincai walichapisha sarufi yao Vienna mwaka 1780 kuonyesha kwamba lugha ya wakulima waliodharauliwa imezaliwa na Kilatini. Dharau ya namna hiyo ina jibu: unaandika sarufi, unafungua shule. (Baadaye wengine walipitiliza. Kamusi ya Laurian na Massim, ya miaka ya 1870, ilijaribu kufukuza maneno ya Kislavoni ambayo kila bibi kijijini aliyatumia. Ilichekwa, na ilistahili.)

Wasovieti walikuja na hila nyingine. Mwaka 1924 waliunda jamhuri ndogo ya Moldavia ng'ambo ya mto Dniester, ndani ya Ukraine, wakatangaza kwamba watu wa huko wana lugha yao, Kimoldova, tofauti na Kiromania. Leonid Madan akapewa kazi ya kuitengenezea sarufi na maneno mapya. Mwaka 1932 amri ikatoka: andikeni kwa herufi za Kilatini. Mwaka 1938 ikageuzwa: rudini kwenye Kikirili, herufi zinazoandikia Kirusi, na waliotii amri ya kwanza wakajikuta maadui wa taifa. Walipoitwaa Bessarabia mwaka 1940, mpango huo ulivuka mto pamoja na jeshi.

Wapo wanaosema kosa lilikuwa zile herufi. Sikubali. Waromania wenyewe waliandika kwa Kikirili kwa karne nyingi, wakaacha rasmi miaka ya 1860 tu. Sumu ilikuwa kwenye jina. Herufi za Kilatini zilirudishwa Chișinău, mji mkuu wa Moldova, tarehe 31 Agosti 1989 kwa sheria ya siku moja, watu wamejaa barabarani. Jina je? Tangazo la uhuru la 1991 lilisema Kiromania, katiba ya 1994 ikasema Kimoldova, Mahakama ya Katiba ikaamua mwaka 2013 kwamba tangazo ndilo lenye nguvu, na bunge halikusahihisha sheria hadi Machi 2023, huku wabunge wa upinzani wakipinga kwa kelele. Himaya iliyolipachika jina hilo ilikuwa imekufa miaka zaidi ya 30.

Transnistria, ukanda wa Moldova uliojitenga kwa msaada wa Urusi, hata herufi hazijarudi. Mwaka 2004 watawala wa huko walizifunga kwa nguvu shule zilizofundisha kwa herufi za Kilatini. Wazazi walishtaki, na mwaka 2012 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikaitia Urusi hatiani. Kwenye shule za serikali ya Tiraspol, makao makuu ya watawala hao, watoto bado wanafundishwa Kimoldova kwa Kikirili.