Ukitaka besi mkubwa bwawani, anza na kikaango

Hakuna chambo duniani kitakachomtoa bwawani samaki ambaye hayumo. Nalisema hili mapema kwa sababu kila majira ya kuchipua, huku Alabama, Marekani, wenye mabwawa yao binafsi huanza kuulizana rangi ya chambo bandia, unene wa mshipi na saa nzuri ya kurusha, ilhali bwawa lenyewe limejaa besi wa sentimita 28, wembamba, vichwa vimezidi miili. Wanawahurumia mno samaki wao. Kila anayevuliwa anarudishwa majini, mwaka baada ya mwaka, halafu wanashangaa wa kilo nne au tano hatokei.

Namzungumzia besi mwenye mdomo mkubwa, samaki mla nyama wa maji baridi ambaye Waingereza humwita largemouth bass. Wasomaji wa Kenya wanamjua kutoka Naivasha, alikoletwa kutoka Marekani mwaka 1929 kwa ajili ya wavuvi wa starehe, na ambako sasa anajilia kamba wekundu wa Louisiana walioingizwa ziwani mwaka 1970. Naivasha ni ziwa, lina mambo yake. Bwawa la ekari moja au mbili lililochimbwa zamani kwa ajili ya ng'ombe halina pa kuficha uzembe.

Aliyewahi kufuga perege atanielewa upesi. Ukiwaacha wazaliane, baada ya muda bwawa linakuwa na perege wa ukubwa wa kiganja tu, wote wanataga, hakuna anayekua. Ndiyo maana wafugaji wengine hutia kambale kidogo wawapunguze vifaranga. Katika bwawa la besi tatizo ni hilo hilo, ila limepinduka: anayejazana ni mla nyama mwenyewe.

Hesabu zake zilifanywa hapa hapa. Kuanzia miaka ya 1930 Homer Swingle na wenzake, katika chuo ambacho leo ni Auburn University, walifuga samaki katika mabwawa ya majaribio, wakayakausha na kupima kilichomo. Kutokana na kazi hiyo ukaja mchanganyiko unaotumika kusini mwa Marekani mpaka leo: vifaranga 1,000 vya blugili kwa 100 vya besi kwa kila ekari ikiwa bwawa linawekwa mbolea, au nusu ya hapo kama haliwekwi. Blugili ni samaki bapa, mdogo, anayetaga mara kadhaa katika msimu mmoja wa joto, na watoto wake ndio chakula kikuu cha besi.

Sasa tazama ulaji. Kanuni wanayoitumia wataalamu wa mabwawa ni kwamba besi anahitaji karibu kilo 10 za samaki wadogo ili aongeze kilo moja ya mwili wake. Bwawa lina uwezo wake wa kuzalisha chakula, na halizidishi kwa sababu wewe umewapenda samaki. Besi mia wakigawana sufuria moja ya ugali, kila mmoja anapata tonge la kumweka hai na hakuna anayenenepa. Besi ishirini wakiila sufuria hiyo hiyo, unaanza kuona matumbo. Ndiyo maana ushauri wa kawaida kwa bwawa lenye mbolea, likishatulia, ni kutoa takriban kilo 10 za besi wadogo kwa ekari kila mwaka, na kama nusu yake kwa lisilo na mbolea. Kilo 10 za besi wa gramu 300 ni samaki zaidi ya thelathini. Kwa ekari moja. Wengi wakisikia idadi hiyo wanashika vichwa.

Najua walikoitoa huruma hiyo. Mwaka 1972 Ray Scott, mtu wa Alabama aliyeanzisha mashindano makubwa ya uvuvi wa besi, aliwataka washindani wake wamrudishe samaki majini akiwa hai, na desturi ikaenea mpaka ikawa kama dini. Kwa maziwa ya umma yenye mamia ya boti kila Jumamosi, ilikuwa busara tupu. Bila hiyo sijui kama kungebaki kitu. Lakini bwawa lako lina wavuvi wangapi? Wewe, shemeji yako, na watoto wakati wa likizo. Hapo anayepungua si samaki, ni chakula chao.

Kuna hoja moja dhidi yangu ambayo ina uzito. Huko Illinois, katika ziwa dogo la Ridge, watafiti walichukua besi waliovuliwa mara nyingi na wale ambao hawakuvuliwa, wakawazalisha kwa makundi tofauti kwa vizazi kadhaa, na ikaonekana kwamba wepesi wa kunaswa na ndoana unarithiwa. Kwa hiyo ukila kila anayeuma, polepole unabaki na ukoo wa samaki wajanja wasiojali chambo chako. Nakubali. Ndiyo sababu nasema toa wadogo, hasa waliokonda, chini ya sentimita 35 hivi, na uwarudishe wakubwa walionona. Wadogo unaowatoa kwa juya, yaani wavu wa kukokota, ukingoni nao wahesabu katika kilo zako za mwaka. Hao hawakuchaguliwa na ndoana.

Jike mkubwa ndiye asiyefaa kuliwa. Karibu besi wote wazito ni majike. Dume hulinda kiota na kubaki na mwili wake wa wastani. Historia ina kichekesho hapa: George Perry, aliyevua besi wa kilo 10 na ushee huko Georgia tarehe 2 Juni 1932, alimpeleka nyumbani akaliwa na familia, na rekodi hiyo haijapitwa hadi leo, ila imefikiwa tu na Manabu Kurita katika ziwa Biwa, Japani, mwaka 2009. Ilikuwa miaka ya njaa, simlaumu. Wewe wako mshike kwa mikono iliyoloa, mkono mmoja chini ya tumbo, usimning'inize kwa taya huku ukitafuta simu ya kupigia picha.

Kuhusu kumvua kwenyewe nina machache. Nenda mwishoni mwa baridi na mwanzo wa majira ya kuchipua, maji yanapoelekea nyuzi 15 hadi 18, kwa sababu majike husogea kina kifupi wakiwa wamejaa mayai. Tumia chambo kikubwa, cha sentimita 15 au zaidi, chenye umbo la blugili. Jike wa kilo nne hapotezi nguvu kukimbiza kijidudu. Rusha kwanza sambamba na ukingo, ukiwa umesimama mbali na maji, maana wengi hutembea mpaka mwisho wa nyasi na kumfukuza samaki waliyemfuata. Na wakati wa joto kali usihangaike na shimo la katikati: katika mabwawa mengi maji ya chini huishiwa oksijeni, hivyo besi wako juu, kwenye kivuli, alfajiri na magharibi.

Linabaki suala la adabu, maana wengi wetu tusio na ardhi huvua kwa hisani ya mwenye bwawa. Mzee akikuambia "rudisha wote", warudishe wote. Bwawa ni lake. Lakini muulize kwa upole kama angependa umpunguzie wadogo, mwonyeshe mmoja aliyekonda, na ujitolee kuwaparua magamba wewe mwenyewe. Akikataa bado una bahati. Katika bwawa lililojaa besi wenye njaa, blugili wachache wanaonusurika utotoni hupata nafasi na chakula tele, wakawa wanene kuliko mahali pengine popote. Funga ndoana ndogo, tafuta mnyoo, uombe ruhusa ya kuondoka na hao.