Jamii ndiyo nani?

Kila mkutano wa afya ya akili hapa Bukavu, lazima mtu asimame aseme: "Wagonjwa warudi katika jamii." Tunapiga makofi. Kisha wagonjwa wanarudi kweli, na jamii inakuwa mimi, mama yangu na vyumba viwili huko Kadutu.

Yaya, ndugu yangu mkubwa, alirudi na karatasi ya dawa na kimfuko cha vidonge. Sauti za kichwani mwake zilikuwa zimenyamaza, siwezi kulikana. Lakini vidonge vile vinaleta njaa, ile njaa ya kuchungulia sufuria ya wenzako, na kwetu bugali inapikwa mara moja, jioni. Siku ya kumi akaanza kuvificha chini ya godoro. Sikumlaumu. (Nilimlaumu, ndiyo, kisha nikaenda kuangalia unga uliobaki.)

Aliyetuokoa ni reko wa avenyu yetu, mama anayejitolea kwa ajili ya kituo cha afya. Alikuja kila Alhamisi, akipanda vile vijia vya udongo hata mvua ikinyesha. Hakuhubiri. Aliuliza umekula nini, akahesabu vidonge mkekani, halafu akaenda mwenyewe kituoni kuuliza kama vinaweza kunywewa jioni, baada ya bugali. Wakakubali. Ndiye pia aliyemwombea Yaya kibarua kwa muuza makala, yaani makaa. Wanunuzi wengine walimwogopa Yaya, wakahamia kwa muuzaji wa pili. Baada ya wiki mbili walirudi. Yule mwingine alikuwa akijaza ndoo nusunusu.

Mama huyo halipwi. Wapo wanaosema utu haulipwi, na wanaosema hivyo wana mshahara. SOSAME, hospitali ya magonjwa ya akili hapa Bukavu, tunaihitaji na vitanda vyake. Anayevunja vyombo usiku wa manane humwiti reko. Lakini mwaka 2015 Kongo iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu watu wenye ulemavu, wa akili wakiwemo, na ibara ya 19 inawapa haki ya kuishi katika jamii, tena wakisaidiwa kuishi humo. Hicho kipande cha pili hakipigiwi makofi. Huko Zimbabwe, akina nyanya wanaowasikiliza wenye mawazo mengi kwenye benchi tangu 2006 hawakuachiwa huruma tu: walifundishwa, na wana wa kuwasimamia.

Alhamisi iliyopita reko wetu hakuja, mtoto wake ana malaria. Yaya alivipanga vidonge mkekani mwenyewe, akakaa hadi saa mbili usiku akisikiliza mlango.