Mbwana Hayupo Kwenye Sanduku

Nimekaa barazani kwangu, Ngamiani barabara ya 12, kahawa chungu mkononi, kashata pembeni, nangojea Mzee Kombo akubali kuwa kafungwa bao. Simu inaita. Ujerumani. Mpwa wangu Mudi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Kuna nini asubuhi yote hii?"

"Kadi ya benki imerudi tena."

Tena! Mtoto katoka hapa kwa dua, ubani na kisomo cha mtaa mzima. Kafundishwa kujikinga na baridi, na nguruwe, na marafiki wabaya. Kujikinga na sanduku la barua hakuna aliyemfundisha.

Mtaa huu umekwisha kunigeuza ofisi ya uhamiaji isiyo na mshahara. Kila kijana akipata chuo Ujerumani, mama yake ananipa namba yake, na wote wanajikwaa palepale. Wazazi wanaogopa theluji. Theluji dawa yake koti! Karatasi ndizo hazina koti.

Sasa sikiliza. Kule jengo lina ghorofa tano, milango ishirini, lakini anwani haina namba ya chumba. Bahasha inaandikwa jina, mtaa, namba ya jengo, msimbo wa posta wa tarakimu 5, na mji. Basi. Tarishi anasimama mbele ya safu ya visanduku, anasoma majina. Jina lako lipo, barua inaingia. Halipo, inarudi ilikotoka. Hatagonga mlango aulize, "Jamani, hapa kuna kijana wa Tanga?"

"Si ulisema umebandika jina?"

"Nimebandika, mjomba."

"Elekeza kamera."

Akaelekeza. Baraza zima tukainamia simu, kahawa ikamwagikia kete. Kisanduku cha bati, kipande cha karatasi ya daftari, kalamu ya risasi: MUDI.

Nilijizuia, maana mimi ni mtu mzima na watoto wa madrasa walikuwa wanapita. Nikamwambia kwa upole, "Baba, pasipoti yako inasemaje?"

"Mohamedi Athumani Mbwana."

"Na benki inakuandikia nani?"

"Mohamedi Mbwana."

"Sasa Mudi ni nani?"

"Si mimi, mjomba."

Hapo Mzee Kombo akaingilia. Mbwana huyo si yule marehemu wa Pangani? Ndiye, babu yake Mudi. Mungu amrehemu, mzee huyo hata kuvuka mto kwa kivuko alikuwa analalamika wiki nzima, leo anatafutwa na benki Ujerumani. Mwingine akashauri mtoto akamwone tarishi, ampe soda. Wa tatu akauliza kwa nini asitumie S.L.P. ya shule kama sisi, barua za mtaa wote zinakaa kwa mwalimu mkuu mpaka mtu akumbuke. Nikawaambia nyamazeni, bando ni langu.

Maana barua moja ikirudi, haianguki peke yake. Kadi inakuja na bahasha yake, namba ya siri na bahasha nyingine, siku nyingine. Zile euro 11,904 za kujikimu mwaka mzima, alizotakiwa kuonyesha ili apate viza, na ambazo kwazo kiwanja cha Pongwe kimekwenda na maji, zimefungiwa kwenye akaunti inayotoa 992 tu kwa mwezi, na hazichuruziki mpaka uwe na akaunti ya kawaida ya kuzipokea. Mwenye nyumba anataka kodi, na amana juu, ambayo sheria inamruhusu kudai hadi kodi ya miezi 3. Mtoto ana pesa za kuoa wake wawili, na anakula mkate mkavu.

Na kabla ya hapo kuna kujiandikisha makazi. Wiki 2 tangu uhamie. Unapeleka pasipoti, fomu, na karatasi ya mwenye nyumba kuthibitisha kwamba kweli umehamia. Mkataba wa pango hauchukui nafasi yake, usibishane. Karatasi yenyewe inaitwa Wohnungsgeberbestätigung. Herufi 24! Mzee Kombo alijaribu kuitamka, meno ya bandia yakahama. Wajerumani walianza kujenga reli hapa Tanga mwaka 1893, na nadhani neno hilo lilikuwa na mabehewa yake. Sisi tulichukua "shule" tukaona inatosha. Miadi ya ofisini nayo katika miji mikubwa inaweza kuwa mbali kuliko hizo wiki mbili. Ichukue hivyohivyo, mapema, uhifadhi uthibitisho kwamba uliomba.

"Sasa nifanyeje, mjomba?"

"Chukua karatasi ngumu. Kalamu isiyofutika. Herufi kubwa. Andika MBWANA, bandika kwenye sanduku, bandika na kwenye kengele ya mlango wa nje. Ukiwa umepanga ndani ya chumba cha mtu, waambie benki waandike jina lako, chini yake 'bei', si ya sokoni, ni Kijerumani cha 'kwa', na jina la mwenye sanduku, mpaka lako likae."

"Niandike na Mudi pembeni?"

"Mbwana!"

"Nilidhani wenzangu hawatanijua..."

"MBWANA! We mtoto, nimesema MBWANA! Mudi mwachie mama yako!"

Watoto wa madrasa wakasimama. Bando likakata.

Ameandika. Kesho yake nikanunua bando jingine la buku, nikauliza barua gani imefika kwanza. Ada ya redio na televisheni. Hana redio, hana televisheni, ana sufuria moja. Haijalishi, ni euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba. Mkiishi watatu analipa mmoja mnachangiana, ndiyo nafuu yake.

Mengine nayameza. Mwana anaanika nguo chumbani na dirisha kalifunga, ukuta umeota ukungu. Nimemwambia afungue wazi kabisa dakika 5 hadi 10, mara kadhaa kwa siku, kifaa cha kupasha chumba joto akizime kwanza, kisha akirudishe namba 3, inatosha kama nyuzi 20. Mama yake kasikia "fungua dirisha", kalia. Jumapili maduka yamefungwa, chumvi inanunuliwa Jumamosi. Chupa za vioo zinatupwa kwa rangi, nyeupe, kijani, kahawia. Za plastiki zenye alama na makopo hurudishwa dukani, unalipwa senti 25 kwa kila moja, na sasa Mudi anatembea macho chini kama kapoteza pete.

Saa nazo. Kiangazi chao tumewatangulia saa moja. Jumapili ya mwisho ya Oktoba wanarudisha mishale, tunawatangulia mbili. Mama Mudi anauliza imerudishwa wapi na kwa idhini ya nani, halafu anampigia saa kumi na moja alfajiri yake.

Juzi kaniambia kanunua baiskeli ya mtumba. Hapo nikajua huyu kweli wa Tanga. Lakini kule unakwenda kulia, taa nyeupe mbele, nyekundu nyuma, viakisi mwanga pia, na usiku bila taa faini ni euro 20. Nikatazama yangu ukutani. Taa ya mbele haipo, ya nyuma haijawahi kuwepo, breki ni kandambili. Kwa Mjerumani hiyo ningekuwa nadaiwa mpaka kengele.

Hodi. Ndiye Mama Mudi, na kapu. Kuna kijana wa Chumbageni anasafiri wiki ijayo, anataka ampelekee mwanawe samli, machungwa ya Muheza na nazi. Samli hairuhusiwi, ni maziwa. Machungwa yanataka cheti cha afya ya mimea. Nazi ruksa.

Kazitua barazani, nikahesabu. Ishirini na mbili, na kijana wa watu ana kilo 23 tu za mzigo.