Uyoga wa Njano Hauoti Kwenye Mfuko

Wiki iliyopita nilihudhuria mafunzo ya ujasiriamali hapa Tabora. Mwezeshaji akainua pakiti ya uyoga mkavu wa njano, akawaambia kina mama waache kuhangaika porini, wauoteshe nyumbani kwenye mifuko ya mabua kama mamama, ule uyoga unaolimwa majumbani. "Uyoga ni uyoga tu," akasema. Mpaka leo neno hilo linanikereketa.

Mamama hula mabaki ya mimea iliyokufa. Uyoga wa njano wa miombo, kwa jina la kitaalamu Cantharellus, huishi na mti ulio hai: nyuzi zake hufunika ncha za mizizi ya miti kama mtundu na myombo, huupa mti maji na madini, nao mti huulisha sukari. Ukikata mtundu ukachoma mkaa, umeunyima uyoga chakula. Ndiyo maana hakuna anayeulima kibiashara. Nao uyoga wa vichuguuni, Termitomyces, una mkulima wake, mchwa.

Marehemu bibi alijua bila darasa kwamba uyoga si uyoga tu. Tukirudi na kikapu, aliupindua kila uyoga. "Tazama chini, mjukuu wangu. Juu kunadanganya." Kisha anapitisha ukucha taratibu. Chini ya kofia, wa njano hauna vile vipande vyembamba kama kurasa. Una mikunjo minene, yenye panda, inayoteremka mpaka kwenye shina. Huo nao ni uainishaji, na ni wa kwetu.

Wasomi wetu wameuendeleza. Mwaka 2008 Donatha Tibuhwa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake walitangaza spishi mpya kutoka Tanzania, Cantharellus fistulosus, yenye shina lililo wazi ndani kama bomba. Mwaka 2012 wakapendekeza hiyo na ndugu zake wachache wawe jenasi kamili, yaani kundi la spishi ndugu lenye jina lake, Afrocantharellus. Wengine wanashikilia kwamba kundi hilo libaki tawi tu ndani ya Cantharellus. Haya, nakubali, majina yanayobadilika yanachosha. Lakini wanaobishana hivyo wameuangalia uyoga wenyewe.

Na anayeogopa uyoga wenye sumu ana haki kabisa. Basi tusiuite kila uyoga "uyoga pori" tu, tuutaje kwa aina yake.

Mama mmoja mbele yangu aliandika bei ya mifuko kwenye daftari la mwanawe. Dada yangu, mamama lima, inalipa. Ila mitundu iliyo nyuma ya shamba lako usiiuze kwa wachoma mkaa ukidhani wa njano utauotesha uani.